Kutafuta kaburi la askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki): orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita

Kwa familia ya Uganda ambayo babu yao alikwenda Burma (sasa Myanmar) katika Vita vya Pili vya Dunia asirudi, orodha ya mtandaoni ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ndiyo pa kuanzia. Kutafuta ni bure.

Kinachosumbua ni majina. Makarani wa jeshi waliandika walivyosikia, hivyo Okello anaweza kuwa Okelo, na Kalema akawa Karema. Namba ya jeshi, kama imo kwenye hati au barua za zamani, inakuokolea muda kuliko chochote. Bila hiyo, chagua kikosi, yaani King's African Rifles (batalioni ya 4 ni mojawapo ya zile za Uganda), weka mwaka wa kifo, kisha jaribu tahajia moja baada ya nyingine.

Ukikuta “Rangoon Memorial”, usiulizie kaburi. Huo ni ukumbusho wa majina karibu 27,000 ya wasio na kaburi linalojulikana, ndani ya makaburi ya vita ya Taukkyan, huko Burma.

Kwa vita vya 1914–1918 orodha ni dhaifu mno, hasa kwa wapagazi. Ripoti ya Tume yenyewe ya 2021 ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakuandikwa majina. Kumkosa mtu humo si ushahidi kwamba hakufa vitani.

Orodha inaishia 31 Desemba 1947. Waliokufa vita vya Kagera hawamo. Wanajeshi wa Tanzania wana makaburi yao Kaboya, wilayani Muleba.