Nimegeuza milingi ya hendeli kuwa CNC: seti niliyonunua na kilichokosekana ndani yake

Miaka yote mashine yangu ya milingi, ile inayochonga chuma kwa kisu kinachozunguka, ilikwenda kwa mikono miwili, mmoja hendeli ya X (meza kushoto na kulia), mwingine ya Y (mbele na nyuma). Mistari iliyonyooka haikunisumbua. Duara ndilo lililonishinda, na kwa ajili ya duara nikanunua seti ya kuigeuza iwe CNC, yaani iongozwe na kompyuta: mota tatu za stepa (zinazozunguka kwa hatua ndogondogo), draiva za kuziendesha, pawasaplai ya volti 48, bao la kuongozea na vibao vya kufungia mota.

Upande wa umeme sina neno. Jioni mbili, mota zinazunguka. Programu ninayotumia ni LinuxCNC, ya bure, na hesabu yake ni ya kawaida tu: stepa ina hatua 200 kwa mzunguko, draiva inaigawa kila hatua mara 8, yanakuwa mapigo ya umeme 1,600 kwa mzunguko. Skrubu zangu za zamani zilisogeza meza milimita 2 kwa mzunguko, kwa hiyo nikaandika mapigo 800 kwa milimita.

Tangazo la muuzaji lilisema mota zinafungwa kwenye skrubu zilezile za zamani. Kweli zinafungwa. Ila skrubu yangu ya X ilikuwa imelegea karibu milimita 0.3: ukigeuza hendeli kurudi nyuma, meza inakawia ndipo ifuate. Kumbe mkono ulishauzoea ulegevu huo, kila mara nikikaribia kipimo kutoka upande mmoja, wala sikuwa nikijua kwamba nafanya hivyo. Kompyuta haina mazoea hayo. Duara langu la kwanza kwenye alumini lilitoka na vidato vinne, kila pale mhimili mmoja unapogeuza mwelekeo. Ukipitisha ukucha, unakwama. Nikawasha fidia ya ulegevu kwenye programu. Vidato vikapungua, lakini kisu kikikata kwa kuelekea kule kule meza inakokwenda, kinaidaka na kuivuta mpaka ulegevu uishe. Hilo programu hailizuii.

Basi nikanunua skrubu za gololi, ambazo nati yake hupita juu ya gololi na ulegevu wake ni mdogo sana, kipenyo milimita 16, mwendo milimita 5 kwa mzunguko (mapigo 320 sasa). Kwa haraka zangu nikaizungusha nati mpaka ikachomoka mwisho wa skrubu, gololi zote chini. Jioni nzima nimepiga magoti na sumaku. Nati hizo huhamishiwa kwenye kibomba kinachojaza nafasi ya skrubu, gololi zisipate pa kutokea. Wakati ule sikulijua hilo.

Duara sasa ni duara. Lakini skrubu ya gololi ni laini mno, haijizuii kama ile ya zamani. Siku ya kwanza nilipozima umeme, kichwa cha mashine kilishuka chenyewe taratibu, kisu kikatua juu ya kazi iliyokwisha na kuvunjika. Mota ya Z, ile ya kupandisha na kushusha kichwa, ilitakiwa iwe na breki, na kwenye seti haimo. Kwa sasa nimeweka shoki ya gesi kubeba uzito wa kichwa, inatosha.

Nyota tatu kati ya tano. Mota na draiva ningezinunua tena. Ila safari hii ningeanza na skrubu, halafu mota ya breki, na duara la kwanza ningelikata kwenye plastiki.