Maandishi yanayofifia kwenye Scratch: uzoefu wangu na silabi za darasa la kwanza

Natumia Scratch kutengeneza katuni fupi za kufundishia kusoma. Silabi inajitokeza taratibu ukutani kupitia projekta, watoto wanaisoma, inafifia, inaingia nyingine. Ba, be, bi, bo, bu. Silabi ikikaa tu pale pale, mtoto huimba mfululizo mzima kwa kukariri wala haangalii herufi. Ikianza kufifia, macho yote yanakuwa mbele, kila mmoja anataka kuiwahi. Kwa kazi hiyo sijapata programu iliyonifaa zaidi ya hii.

Scratch ilitolewa mwaka 2007 na MIT Media Lab, maabara ya chuo kikuu cha MIT cha Marekani, ikilenga hasa watoto wa miaka 8 hadi 16 wajifunze kuandika programu kwa kupachikanisha bloku, yaani vipande vya amri. Ni ya bure. Toleo la 3 lilitoka Januari 2019. Unaweza kulitumia kwenye kivinjari au ukalipakua na kuliweka kwenye kompyuta. Mimi ninalo la kupakua, kwa hiyo bando likiisha kazi haisimami. Kwenye orodha ya lugha Kiswahili kimo.

Kuandika ni rahisi: fungua sehemu ya kuchorea, bonyeza alama ya T, andika. Ushauri wangu mkubwa hapa ni kubaki kwenye vekta (michoro ya mistari na maumbo), usihamie bitmapu (picha ya vidoti). Ukipanua picha ijaze ukuta, herufi za vekta zinabaki na kingo safi, na kesho ukitaka kubadilisha “ba” iwe “cha” unabonyeza na kuandika upya. Ukishahamia bitmapu, maandishi yamekuwa picha na hayahaririki tena.

Sasa kufifia. Kazi yote inafanywa na athari inayoitwa ghost, iliyo kwenye bloku za mwonekano. Thamani yake ni kuanzia 0 hadi 100: kwenye 0 maandishi yanaonekana kikamilifu, kwenye 100 hayaonekani kabisa. Unaweka bloku ya kurudia mara 20, ndani yake unaongeza ghost kwa 5. Basi, maandishi yameondoka. Ukitaka yajitokeze, anzia 100 na upunguze kwa 5.

Kinachonifurahisha ni kwamba kasi iko mikononi mwako. Scratch huchora picha 30 kwa sekunde, na kila mzunguko wa kurudia unachukua picha moja. Mizunguko 20 kwa hiyo ni theluthi mbili za sekunde, haraka mno kwa mtoto anayeanza kusoma. Mizunguko 50 ya kuongeza 2 inafika sekunde moja na nusu na ushee. Mizunguko 100 ya 1 ni zaidi ya sekunde tatu, na hiyo ndiyo ninayoitumia kwa silabi mpya. Wakizizoea, napunguza mizunguko. Programu za kutengeneza slaidi nazo zinafifisha maandishi, lakini hapa naona kila hatua na naweza kuigusa.

Kuna jambo moja la kuangalia. Ukibonyeza bendera ya kijani ya kuanzisha programu, athari zote hufutwa kwanza, hivyo maandishi yanaweza kumulika mara moja kabla ya kuanza kujitokeza, na mtoto ameshaiona silabi. Dawa yake ni mpangilio: mwisho wa kila onyesho weka bloku ya kuficha, mwanzoni weka ghost kuwa 100, kisha ndipo uonyeshe.

Kufifia kwa hatua zinazolingana kunapendeza, ila kuna namna laini zaidi. Tengeneza kigeugeu, yaani mahali pa kuhifadhi namba inayobadilika, kianzie 100, kila mzunguko ukizidishe kwa 0.9, kisha uweke ghost iwe sawa nacho. Maandishi yanakuja haraka mwanzoni halafu yanatulia polepole. Baada ya mizunguko 40 kigeugeu kiko chini ya 2. Malizia kwa kukiweka 0. Kigeugeu hakikwepeki, maana Scratch haina bloku ya kukuambia ghost iko ngapi kwa sasa. Ninatamani wangeiongeza.

Kwa neno zima, kwa mfano “mama”, napenda herufi zijitokeze moja baada ya nyingine. Ninaweka herufi kama mavazi (picha mbalimbali) ya spraiti moja, yaani kitu kimoja kinachoonekana kwenye katuni, kisha naunda kloni, yaani nakala yake, kwa kila nafasi, kila kloni ikisubiri kidogo kuliko iliyotangulia kabla ya kujitokeza. Hakikisha kigeugeu cha kufifia ni cha spraiti hiyo peke yake. Kikiwa cha spraiti zote, herufi zinavutana thamani na neno zima linapepesa kama taa yenye waya uliolegea.

Jingine: ghost hushika spraiti nzima. Ukichora kisanduku cha rangi nyuma ya silabi ndani ya vazi lilelile, kisanduku nacho kitafifia. Ukitaka kibaki, kifanye spraiti ya pembeni.

Malalamiko yangu ni mawili. Jukwaa, yaani eneo ambalo katuni inaonekana, lina vipimo vya 480 kwa 360, kwa hiyo kwenye skrini pana za siku hizi unabaki na nafasi tupu kushoto na kulia. La pili ndilo zito: hakuna kitufe cha kutoa kazi kama video. Unahifadhi faili la sb3, la Scratch yenyewe, ambalo mzazi mwenye simu tu hawezi kulifungua kama anavyofungua video ya WhatsApp. Kwenye Windows 10 na 11 ninarekodi skrini kwa kubonyeza Windows, Alt na R kwa pamoja, video inatoka. Ila ni hatua ya ziada kila mara, na kompyuta yenye nguvu ndogo hukwamakwama wakati wa kurekodi, ulaini wote wa kufifia ukapotea.

Kwa matangazo ya biashara au video ndefu nisingeichagua. Kwa mwalimu mwenye kompyuta moja na projekta ya kuazima, ningemwekea leo hii, nikaanza naye kwenye ile mizunguko 100.