Kempa inakurusha? Ununue nini kwanza, nini baadaye, na nini usikiguse

Kempa ni vani uliyoiwekea kitanda na jiko, na mimi springi zake nilifundishwa na trei ya mayai. Tulikuwa tumetoka Katunguru asubuhi kuelekea Ishasha, magharibi mwa Uganda, ile barabara ya marumu (udongo mwekundu usio na lami) yenye mawimbi ambayo malori ya Kongo huipiga kila siku. Siku nne kabla ya hapo fundi mmoja wa Kampala alikuwa ameiongezea Toyota HiAce yangu pleti mbili za springi kila upande wa nyuma. Hatujafika nusu ya njia, mke wangu akafungua kabati la jikoni. Mayai 30, yaliyopona sita, na ute unateremka taratibu kwenye mlango wa friji.

"Si ulisema umeitengeneza?"

Nilikuwa nimeitengeneza kweli, ila nilicholipia ni ugumu. Tangu hapo nimebadilisha karibu kila kitu chini ya gari lile, kingine mara mbili, na huu ndio mpangilio ambao ningefuata leo kama ningeanza upya. Bei sizitaji, maana Kisekka, soko la vipuri la Kampala, bei hutegemea hata viatu ulivyovaa. Nitakachosema ni kipi kinakula fedha nyingi na kipi kidogo.

Una vani ipi?

Kempa nyingi ninazokutana nazo barabarani zimejengwa juu ya HiAce, na HiAce si moja. Super Custom, ile ya watalii na ya kukodi, nyuma ina koili, springi za kujiviringa, laini kama kochi, kwa sababu ilitengenezwa kubeba familia. HiAce ya kuanzia 2004, ambayo hapa tunaiita droni, nyuma ina springi za pleti, vile vyuma bapa vilivyolaliana. Iliyokuwa teksi ya abiria 14 imepangiwa mzigo hasa: watu 14 wa kilo 70 ni kilo 980, karibu tani nzima. Mbele zote mbili zinatumia toshenibaa, fimbo ya chuma inayojisokota mahali pa springi.

Sasa toa viti, weka kitanda, kabati na jiko. Maji lita 80 ni kilo 80. Betri ya risasi ya amperi-saa 100 inakaribia kilo 30, ya lithiamu haifiki nusu ya hapo. Shiti moja ya plaiwudi ya milimita 18 ni kilo 30 na ushee, na wewe umetumia ngapi? Tuseme vyote pamoja na ninyi wawili vifike kilo 500. Kwa droni ya abiria hiyo ni nusu tu ya mzigo ambao springi zake zimeuzoea, ndiyo maana inakurusha: imekuwa ngumu kuliko uzito wake. Kwa Super Custom, kilo hizohizo zinailaza nyuma mpaka taa za mbele zinamulika vilele vya mikaratusi na madereva wanaokuja wanakutukana. Lalamiko ni moja, ila dawa ya moja ni sumu ya nyingine.

Kwa hiyo pima kabla ya kununua. Ghala lolote kubwa la mahindi au kahawa lenye mizani ya malori litakupimia ukiomba vizuri. Jaza maji, jaza mafuta, watu wakae ndani. Pandisha magurudumu ya mbele peke yake uandike, kisha gari zima, ukitoa unapata ya nyuma. Linganisha na uzito wa juu ulioandikwa kwenye makaratasi ya gari. Kama umeshaupita, funga ukurasa huu ukapunguze plaiwudi, hakuna springi itakayokuokoa.

Na kabla ya fedha kutoka mfukoni, angalia upepo wa tairi. Madereva wa teksi wameturithisha tabia ya kujaza mpaka tairi linalia kama ngoma, kwa sababu wao wanabeba tani. Wewe fuata kibandiko cha mlango wa dereva, ukizingatia uzito uliopima. Kwenye marumu ndefu mimi hupunguza kama moja ya tano na kwenda polepole, halafu najaza tena nikifika lami. Kile kipampu cha kuchomeka kwenye betri ndicho kifaa cha starehe cha bei rahisi kuliko vyote humu. Ila usikubali kuuziwa tairi za gari dogo eti ni laini. HiAce inataka tairi la mzigo, na namba za ubavuni zinasema: 107 maana yake tairi moja linabeba kilo 975.

Namba moja: shokapu

Watu wengi wanachanganya. Springi inabeba, shokapu inatuliza. Gari likipita tuta likaendelea kucheza dansi mita 20 mbele, springi haina kosa, imefanya kazi yake. Aliyekufa ni wa kuituliza. Shokapu ni mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo. Nguvu ya mtikisiko inageuka joto, na joto linatokea kwenye kopo lake. Hapo ndipo marumu inapoziua. Mawimbi hayana mapumziko, mafuta yanachemka, hewa inachanganyika nayo yanakuwa povu, na povu halizuii chochote. Ndiyo maana asubuhi gari ni zuri, na saa saba mchana huko njia ya Kaabong, Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, limekuwa ngalawa.

Joto hilohilo ndilo kipimo chako. Ukimaliza kilomita 20 za marumu, simama, inama, gusa kila shokapu kwa mgongo wa kidole, haraka, maana iliyo nzima inaweza kukuunguza. Iliyo baridi wakati wenzake wa moto imekufa. Mimi niligundua ya nyuma kushoto kwa njia hii, wakati gereji mbili zilikuwa zimelisukuma gari kwa mikono na kusema, "Mzee, hapa kuko sawa." Dalili nyingine iko kwenye tairi: ukipapasa ukasikia mabonde mabonde kwenye kashata zake, gurudumu limekuwa likirukaruka.

Ununue ipi? Kwa kempa nyingi za hapa nashauri KYB, ambayo mafundi wanaiita Kayaba, aina ya gesi: Excel-G. Ndani yake gesi ya naitrojeni inayabana mafuta yasitoe povu upesi. Kampuni hiyohiyo ina Premium, ya mafuta matupu, ambayo inatosha kwa anayezunguka Kampala na Entebbe, lakini kwa Karamoja usijisumbue. Ukiwa na uwezo, panda hadi Old Man Emu ya Australia, au Bilstein ya Ujerumani yenye silinda moja, ambayo inatoa joto upesi zaidi kwa kuwa mafuta yanagusana na ukuta wa nje. Bilstein ina lawama moja: kwenye matuta madogo ya mjini utaisikia mgongoni. Zote mbili uziagize kwa namba ya fremu, si kwa kusema "HiAce", kwa sababu kuna bodi pana na nyembamba, na dereva wa bodaboda aliyekuletea boksi hatalirudisha.

Zibadilishe nne kwa pamoja, au angalau mbili za ekseli moja.

Kayaba feki zipo tele, kwenye maboksi mazuri kuliko ya kweli. Dukani simamisha shokapu wima, ibonyeze na kuivuta mara tano ili hewa itoke, kisha bonyeza polepole. Ukinzani uwe sawa kutoka juu hadi chini. Ukikuta mahali inapoteleza tupu, rudisha. Hizi zilizotumika, "za Japani, bado kali", achana nazo kabisa. Ningenunua injini iliyotumika kabla ya kununua shokapu iliyotumika.

Ukiwa unafungua shokapu, badilisha na bushi, zile mpira za mikono ya mbele na za ncha za springi. Ni fedha kidogo na kazi ileile. Chukua mpira wa Toyota halisi. Zile ngumu za poliyurethani zinadumu lakini zinaleta mtikisiko wote wa barabara ndani, ziweke kwenye stabilaiza tu, ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona. Na hapa msimamie fundi mwenyewe: boliti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari liko kwenye jeki, mpira unafungwa katika mkao wa kuning'inia. Ukishusha gari unajisokota, na baada ya miezi michache umechanika. Nimewahi kuona bushi mpya zikilaumiwa kuwa feki wakati kosa lilikuwa la jeki.

Namba mbili: springi za uzito wako

Hii ndiyo tiba yenyewe, na ingekuwa ya kwanza kama isingekuwa ghali na ya kungoja. Ukishajua nyuma unabeba kilo ngapi daima, unatafuta springi iliyotengenezwa kwa kilo hizo. Kempa ina bahati ambayo teksi haina: mzigo wake haubadiliki sana.

Kwa Super Custom ni koili ngumu kidogo kuliko za kiwandani, ili nyuma irudi mahali pake bila kupanda juu. Kwa droni ni kinyume: seti ya pleti nyingi nyembamba badala ya chache nene. Nyembamba zinapinda kwa urahisi, na ukizipata zenye vipande vya plastiki kwenye ncha, zinateleza badala ya kukwaruzana. Msuguano wa pleti kwa pleti ndio unaofanya vishimo vidogo viingie moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Kama pesa ya seti mpya haipo, kuna kazi nzuri ya mkono: fungua seti yako, piga msasa kutu, badilisha boliti ya katikati, rudisha. Kwenye gereji za Katwe na Ndeeba, Kampala, wapo wanaoijua vizuri. Siku mbili, na utashangaa. Kupunguza pleti ili iwe laini kunajaribiwa sana, lakini bila kupima usithubutu, na pleti ndefu ya juu haiguswi kamwe, ndiyo inayoshika ekseli.

Namba tatu: mifuko ya hewa

Firestone na Air Lift wanatengeneza mifuko ya mpira inayokaa kati ya ekseli na chesisi, au ndani ya koili. Inakusaidia kama uzito wako unabadilika: leo wawili, kesho umewabeba shemeji na watoto kwenda Arua na tangi limejaa. Unajaza upepo, nyuma inainuka. Ukibaki peke yako unapunguza. Kwa Super Custom, mfuko wa ndani ya koili ni jawabu zuri la bei ya kati, na fundi mwenye akili anaufunga kwa nusu siku. Ile Air Lift 1000 inajazwa upepo wa psi 5 hadi 35. Usiuache tupu kabisa, unajikunja na kujikata.

Kwa nini basi wa tatu? Mfuko unabeba, hautulizi. Ukiuweka juu ya shokapu zilizokufa umenunua mpira wa kudundia. Tena bomba lake dogo la plastiki linapita mahali ambapo mawe ya Karamoja yanapita, kwa hiyo beba la akiba na kila mfuko uwe na bomba lake. Na kwa droni ambayo tayari ni ngumu, utakuwa unaongeza chumvi kwenye bahari.

Namba nne, kwa haraka

Mipira minene ya kuweka mahali pa ile midogo ya kugongea, kama SumoSprings. Haihitaji hewa, haipasuki, inapunguza ule mgongano wa mwisho gari linapodidimia. Ni msaada, si zaidi. Katika kundi hili weka na stabilaiza nene ya nyuma kwa mwenye paa refu: kwenye kona za Kanaba, kati ya Kabale na Kisoro, vyombo vyako vitakushukuru, lakini tuta halitapungua hata kidogo.

Usivinunue

Pleti za kuongeza, habari umeshaisoma kwenye mayai. Pili, kuinua nyuma kwa vipande vya chuma. HiAce nyingi zina valvu ya breki inayosoma uzito kwa kuangalia nyuma imelala kiasi gani. Ukiinua, valvu inadhani gari ni tupu na kuinyima breki ya nyuma nguvu. Tatu, kukaza toshenibaa ili mbele ipande. Haigharimu kitu, ila hasara yake ni hii: gurudumu linabaki bila nafasi ya kushuka kwenye shimo, kwa hiyo kila shimo linakuwa kipigo.

Kazi yoyote utakayofanya, siku hiyohiyo nenda alaimenti. Kama yubolti, boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zilifunguliwa, zikazwe tena baada ya kilomita 100 na tena kwenye 500. Mimi nina spana yake chini ya kiti, na stendi ya kwanza ya kila safari ni ile ya kuingia chini ya gari na tochi. Mke wangu hutumia nafasi hiyo kuhesabu mayai.