Boksi za mboga kwa paleti, tofali na bati chakavu: uzoefu wangu

Ninakaa nyumba ya kupanga Segerea, na uani kwetu hakuchimbiki. Juu kuna moramu iliyoshindiliwa, chini yake mfinyanzi, na masika ikishika kasi maji yanatuama hapo mpaka jua liyanywe. Mboga lazima ziinuliwe. Boksi zilizokwisha tengenezwa nimeziulizia bei, nikashukuru na kuondoka. Basi nikajenga kwa mabaki: la paleti, la tofali zilizobomolewa, na moja la bati chakavu.

Nianze na paleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, maana ndizo watu wanazoniulizia. Zinauzwa na vijana wanaozikusanya kwenye maghala na viwanda vya upande wa Barabara ya Nyerere. Bei haina kibao, inategemea umefikaje na umevaaje. Mimi niliangukia Sh 8,000 kwa moja, na muuzaji akanipa ruhusa yenye masharti: "Dada, chagua mwenyewe, ila usinipangulie rundo."

Nililipangua, kidogo tu. Unachotafuta kiko ubavuni, kwenye kile kigogo kinachoshika mbao: muhuri uliochomwa, wenye alama ya suke la ngano na herufi. HT maana yake ubao umepashwa moto hadi kiini chake kikafika nyuzi joto 56 kwa dakika 30, hakuna dawa iliyotumika. MB maana yake umefukizwa kwa methili bromaidi, gesi ya sumu ya kuua wadudu, na huo siupeleki kwenye mchicha wa wanangu. Lakini muhuri hausemi paleti ilibebeshwa nini baadaye. Ikiwa na doa la mafuta au inanuka dawa, iache hata kama HT inasomeka vizuri. Zile za bluu nazo nyingi ni mali ya kampuni za kukodisha paleti, kwa hiyo anayekuuzia anakuuzia cha mtu.

Kazi iko kwenye kubomoa. Misumari yake mingi imesokotwa, haivutiki kwa nyundo. Ukilazimisha, ubao unapasuka ncha zote mbili na umebaki na kuni. Pitisha jino la msumeno wa chuma kati ya ubao na kigogo, ukate msumari wenyewe. Ubao unatoka mzima, kichwa cha msumari kimebaki ndani kama kifungo cha shati. Mbao zangu ndefu zilikuwa za mita 1.2, na huo ndio upana unaofaa wa boksi: mkono unafika katikati kutoka kila upande, hakuna haja ya kukanyaga udongo.

Tatizo ni mchwa. Mbao laini, unyevu, joto la Dar, wataacha vipi? Wapo wanaopaka oili chafu ya gari, na kweli inasaidia, ila oili iliyotoka kwenye injini ina metali na uchafu mwingine, na hizo mboga ni za kuliwa. Mimi nilitandika nailoni nzito kwenye kuta za ndani tu, chini nikaacha wazi maji yapite, na mbao nikazikalisha juu ya mstari wa vipande vya tofali zisiguse ardhi. Inachelewesha mchwa, haiwazuii. Msimu wa pili ubao wa chini ulikuwa unabonyea kwa kidole.

Tofali zimenipendeza zaidi. Jirani alibomoa uzio, akafurahi kupata mtu wa kumwondolea kifusi, na guta likamaliza usafiri kwa bei ya chipsi mayai. Nilichagua tofali za saruji zilizobaki nzima au nusu, nikazipanga bila udongo wala saruji, viungo vikipishana. Zenye rangi ya zamani nilizirudisha. Rangi za kale zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Nikihama nahama nazo, na mwenye nyumba hana la kusema. Kero ni konokono, wanalala kwenye nafasi za tofali na usiku wanatoka kula chainizi. Unawaokota kwa tochi.

Bati silipendekezi. Linabenuka udongo ukiloa, mpaka uligongee nguzo za karibu karibu, kingo zinakata watoto, na mboga za pembeni zinanyauka mchana kwa joto.

Sasa niseme kitu ambacho video nyingi zinakiruka. Kuta ni pesa ndogo, pesa yenyewe iko kwenye udongo. Boksi la mita 2 kwa 1.2, kina sentimita 30, linameza lita 720, yaani ndoo 36 za lita 20. Kuta zake zilinila paleti mbili. Kirikuu ya udongo iligharimu zaidi ya mara tatu ya hapo, na hapo nimebembeleza. Dawa ni kujaza theluthi ya chini kwa vitu vya bure: migomba iliyokatwakatwa, matawi yaliyokwisha oza, majani makavu. Juu yake ndiyo unaweka udongo uliochanganywa na samadi na maganda ya mpunga. Samadi iwe imeoza kweli. Ukitia mkono katikati ya fungu na kukuta moto, bado. Udongo utashuka kadiri vya chini vinavyooza, kwa hiyo ongezea kila ukivuna.

Niliuziwa pia wazo la udongo mweusi wa kingo za Msimbazi, wa bei nzuri. Nilikataa. Maji taka ya viwandani na majumbani yameingia mto ule miaka mingi, na mboga za majani ndizo za kwanza kufyonza uchafu wa namna hiyo.

Mchicha nilianza kuchuma ndani ya mwezi, chainizi ikafuata, matembele sasa yanataka kutoroka boksi. Bamia zimefanya vizuri, nyanya wastani. Boksi linakauka haraka kuliko tuta la chini, hivyo kiangazi ni kumwagilia asubuhi na jioni, na kama unanunua maji ya madumu piga hesabu hiyo kabla ya kununua paleti. Kutandaza majani makavu juu kulinipunguzia.

Kwangu tofali ni nne na nusu kati ya tano, paleti tatu, bati moja. Na kama kuna kuku wa jirani, nunua wavu kabla ya mbegu.