Uzoefu Wangu na Huduma ya Kupima Vichangamshi katika Damu ya Farasi Kabla ya Mbio

Tathmini hii inahusu upimaji wa hiari, yaani ule ambao mwenye farasi au mfunzi wake anauomba na kuulipia mwenyewe kabla ya siku ya mbio. Usichanganywe na upimaji rasmi wa mamlaka ya mbio, ambao mfunzi hana sauti ndani yake na ambao ndio pekee unaoweza kumvua farasi ushindi. Nimekuwa mteja wa maabara moja binafsi kwa muda wa kutosha kuona inapofanya vizuri na inapoyumba, na kwa kuwa watu wengi huinunua huduma hii wakidhani inawapa hati ya usafi, nimeona ni vyema nieleze inatoa nini hasa.

Kilichonipeleka huko ni chakula cha farasi. Mchanganyiko niliokuwa nikinunua haukutaja kakao popote kwenye mfuko, lakini nilipomuuliza msambazaji, alikiri kwamba mashine hizohizo husaga pia malisho ya ng'ombe yenye maganda ya kakao. Maganda hayo yana theobromini, kichangamshi cha asili ya kakao, pamoja na kafeini kidogo, na zote mbili zimo katika orodha ya vitu vinavyozuiliwa siku ya mbio. Kwa kuwa theobromini huingia kwenye chakula kwa urahisi kiasi hicho, kanuni za kimataifa zimeiwekea ukomo wa mikrogramu 2 kwa kila mililita ya mkojo, na chini ya hapo haihesabiwi kuwa kosa. Amfetamini na kokeini hazina nafuu ya namna hiyo.

Sehemu ya huduma iliyonivutia zaidi ni maelekezo ya kuchukua na kutunza sampuli. Maabara ilituma boksi lenye tyubu, vifungio vyenye nambari, fomu ya makabidhiano na vipande vya barafu ya kemikali. Daktari wa wanyama alichoma mshipa mkubwa wa shingo, akajaza tyubu moja baada ya nyingine, kisha akazisimamisha kwenye kishikio. Damu ya farasi hujitenga upesi mno: kabla hatujamaliza kujaza fomu, chembe nyekundu zilikuwa zimeanza kuzama na juu yake kumebaki utegili, yaani maji ya damu, wa manjano iliyokolea. Mtunza farasi alishtuka, akadhani mnyama ana homa ya manjano, lakini hiyo ndiyo rangi yake ya kawaida. Fomu ilidai saini ya kila mtu aliyeishika sampuli, pamoja na saa aliyoipokea, na maabara ilipoipokea ilinitumia picha ya kila kifungio kikiwa bado hakijakatwa.

Maelekezo yalikataza pia tyubu zenye jeli ya kutenganisha damu, kwa sababu jeli hiyo inaweza kufyonza baadhi ya dawa na kupunguza kiasi kinachosomeka. Kwa kokeini walitaka tyubu yenye floraidi, kemikali inayozuia vimeng'enya vya damu, kwa kuwa vimeng'enya hivyo huendelea kuivunja kokeini hata baada ya damu kutoka mwilini. Kokeini si jambo la kufikirika tu, kwani farasi anaweza kuipata kutoka mikononi mwa mtu aliyeitumia kisha akamfunga lijamu, bila mtu yeyote kukusudia kumpa.

Kuhusu upimaji wenyewe sina malalamiko. Hatua ya kwanza ni uchunguzi mpana wa kutafuta dalili yoyote ya kutiliwa shaka, na chochote kinachojitokeza hupimwa upya kwa kromatografia ya kimiminika, yaani mbinu ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika, iliyounganishwa na spektrometa ya masi, kifaa cha kupima uzito wa molekuli. Mashine hiyo huitambua dawa kwa muda inaochukua kupita ndani ya safu, kwa uzito wa molekuli yake, na kwa vipande vinavyotokea molekuli hiyo inapovunjwa, kisha vyote vitatu hulinganishwa na dawa halisi iliyopimwa katika kundi lilelile. Maabara ina ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, na asiye nayo mimi simpelekei damu.

Udhaifu uko kwenye ripoti. Ripoti ya kwanza niliyopokea ilikuwa na orodha ndefu ya dawa, na mbele ya kila moja maneno "haikugunduliwa", bila kusema mashine ingeweza kuona kuanzia kiasi gani. Jibu la namna hiyo halinisaidii kitu, kwa sababu maabara inayoona kuanzia nanogramu 50 kwa mililita na ile inayoona kuanzia nanogramu moja zitaandika maneno yaleyale juu ya damu ileile, ilhali ya mamlaka huenda ikawa kali kuliko zote mbili. Nililazimika kuandika barua pepe, nikasubiri, nikaandika tena, ndipo nikatumiwa jedwali la viwango vya chini. Jedwali lilikuwa zuri kabisa. Sielewi kwa nini lilikuwa limefichwa.

Jambo jingine ambalo wauzaji wa huduma hawalisemi kwa sauti ni kwamba damu na mkojo havijibu swali moja. Damu huonyesha kinachozunguka mwilini wakati ule, na dawa nyingi hutoweka humo mapema, huku mabaki yake yakiendelea kuonekana katika mkojo. Kafeini ni mfano mzuri: farasi huiondoa mwilini polepole, na sehemu yake hugeuka kuwa theobromini na theofilini, kwa hiyo uwiano wa vitu hivi vitatu humsaidia mkemia kupambanua kafeini na kakao. Kwa shaka yangu, kifurushi cha damu peke yake kisingetosha. Niliongeza mkojo, theobromini ikaonekana humo kidogo, chini ya ukomo, ilhali damu haikuonyesha kitu. Nikabadilisha chakula siku hiyohiyo.

Naipendekeza huduma hii kwa mfunzi mwenye swali mahususi, kama vile chakula kinachotiliwa shaka au matibabu halali ambayo daktari anataka kujua kama yamekwisha mwilini. Kwa anayetaka karatasi ya kujitetea, ni fedha za bure, kwa kuwa mamlaka hazifungwi na majibu ya maabara binafsi, na sampuli iliyotolewa leo haisemi lolote kuhusu atakachokula farasi kesho. Unapoagiza, omba jedwali la viwango vya chini kabla ya kulipa, na lipia damu na mkojo kwa pamoja. Kwa ufundi nawapa nyota tano, kwa ripoti mbili.