TAHADHARI: Nimeuziwa stata ya gari langu mwenyewe

Nichekeni, nimeshazoea tangu juzi. Ila someni mpaka mwisho. Yule fundi niliyemsifia kwenu wiki tatu zilizopita, nikaandika kabisa kwamba "ana mikono", ni mwizi. Jina siliandiki, wote niliowaelekeza kwake mnamjua, na nawaomba radhi mmoja mmoja.

Stata, ile mota ya kuwashia injini, kelele zake mlizisikia siku ya ile harusi. Nikizungusha ufunguo: tik-tik-tik-tik, kama mtu anayegonga kucha kwenye bati, taa za dashibodi zinafifia, halafu kimya. Mara ya tatu au ya nne linawaka, na likishawaka halina neno mpaka nilizime.

Yule bwana hakuwa na haraka, na hapo ndipo aliponipata. Mimi nilimjua tapeli kuwa ni yule anayefungua boneti na kutaja bei hapo hapo. Huyu akasema, "Kaka, piga stata." Nikapiga. "Tena." Akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye stata, mpini sikioni, akafumba macho kama daktari anayesikiliza kifua. Kisha akaniita nami nisikilize. Jamani, nilisikiliza! Nikatikisa kichwa kana kwamba nimeelewa kitu. Akasema stata imekufa, nikizidi kuilazimisha bendiksi (gia ndogo ya stata) itakula meno ya flaiwili (gurudumu la injini ambalo stata hulizungusha), na flaiwili haitoki bila kushusha gia boksi. Hilo la gia boksi ni kweli, nilishawahi kulisikia kwa shemeji. Ndiyo maana nikameza na yaliyobaki.

Akaifungua stata mbele ya macho yangu, akaibana kwenye jiriwa, akaiunganisha na betri aliyoivuta kutoka chini ya meza. Ikalia tik, haikuzunguka. Tik tena, haikuzunguka. "Si umeona mwenyewe?" Nimeona mwenyewe! Betri ilikuwa yake, imejaa vumbi, na wala sikuuliza kama ina umeme. Mtu mzima na akili zangu.

Nikalipa hela ya stata mpya. Akaniambia nikapumzike mahali, spea inaletwa. Kurudi, naikuta kwenye boksi, inang'aa rangi ya fedha, bado inanukia rangi, nami nikadhani ndiyo harufu ya upya. Akafunga, gari likawaka mara moja, nikamwongezea na bakshishi. Ile ya zamani nikamwachia. "Chuma chakavu tu hicho, kaka."

Siku ya tisa: tik-tik-tik.

Fundi wa pili, aliyetafutwa na shemeji, stata hakuigusa. Akapima betri, volti 12.6, nzima kabisa. Akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, akasema piga stata. Mita ikaonyesha zaidi ya volti 2, wakati hapo haitakiwi kufika hata nusu volti. Umeme ulikuwa unakwama njiani. Ule waya wa hasi unaoshuka kwenye injini ulikuwa umeota kutu ya kijani, nusu ya nyuzi zake zimekatika. Solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, inavuta, umeme unaporomoka, inaachia, inavuta tena. Ndiyo hiyo tik-tik niliyosikilizishwa kwa bisibisi! Yule mwizi katika fungua-funga yake aliutikisa tu huo waya, ukashika kwa siku chache.

Shemeji naye, mnamjua, hawezi kuacha kitu. Akalala chini ya gari na kitambaa chenye petroli: "Hebu niione hiyo stata mpya." Rangi ikatoka kama poda ya uso. Chini yake zikatokea herufi mbili alizozichora yeye mwenyewe kwa msumari tulipobadilisha brashi za stata ile. Alicheka mpaka akagonga kichwa.

Mtu huyu afungwe. Anyang'anywe spana zote, gereji ipigwe kufuli, na yeye achorwe herufi kwa msumari ili siku akijipaka rangi tumtambue. Nimeshafika polisi, boksi na kitambaa ninavyo kama ushahidi. Simu yangu hapokei, lakini ya shemeji alipokea haraka sana aliposikia neno "stata". Hana hata aibu!

Mnaniuliza dalili. Zilikuwepo. Alinitisha na meno ya flaiwili, wakati meno yakiliwa unasikia krrrr ya kusaga, na langu halijawahi kusaga hata siku moja. Vichwa vya betri na waya zake hakuvigusa kuvikagua, wakati tik-tik ya mfululizo mtu huanzia hapo. Betri ya kupimia ni yake. Kunifukuza wakati spea inakuja. Rangi imepita mpaka juu ya boliti! Boliti za stata mpya nani anazipaka rangi? Mengine sikumbuki, nina hasira.

Dada uliyeniandikia jana kwamba gari lako liko kwake na unangoja spea: usilipe, na usipumzike popote. Nenda sasa hivi, udai stata yako ya zamani uishike mkononi, kabla rangi haijakauka.