Laptopu ya kupiga Linux: ipi uchukue, ipi uiache hapohapo

Swali la "kampuni gani inakubali Linux" linapotezea watu muda. Angalia vitu vitatu: chipu ya waifai, kadi ya picha, na mashine ina umri gani. Draiva (programu zinazoendesha vifaa) nyingi za Linux zinakaa ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, sasa laptopu imetoka juzi na kerneli uliyoshusha ni ya miaka miwili nyuma, watajuanaje? Ndo maana mpya kabisa inasumbua kuliko ya zamani kidogo, wengi wanadhani kinyume.

Mimi yashanikuta. Nilinunua mashine inang'aa, usiku uleule nikaipiga Linux, ikamaliza vizuri tu, naenda pale kwenye kona nitafute waifai... hamna. Sio kwamba haikamati, hata alama yake haipo! Na draiva utaishusha kwa kutumia nini kama sio intaneti? Nikachomeka simu kwa waya wa USB, nikawasha ile ya kugawana intaneti, nikaapdeti kerneli, nikazima nikawasha, ndo ikazinduka. Ujanja huo ushike.

Haya, mpangilio wangu huu hapa.

Namba 1, laptopu za kiofisi za toleo la mwaka mmoja au miwili nyuma. ThinkPad za T za Lenovo, Latitude za Dell, EliteBook za HP. Hazina mvuto, najua, ila Canonical wenye Ubuntu (aina moja ya Linux) wana orodha ya mashine walizozipima na hizi zimejaa humo, halafu nyingi zinaapdeti BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine) hukohuko ndani ya Linux kwa programu ya fwupd, hurudi Windows ng'o. Chukua yenye kadi ya picha ya Intel au AMD peke yake, waifai ya Intel ikiwezekana. RAM GB 16, na uliza kama imechomelewa kwenye bodi maana hiyo huongezi tena. Wanapobanwa watu huku ni kamera na kisoma alama za vidole. Baadhi ya laptopu za Intel za kizazi cha 12 na kuendelea zina kamera za aina ya MIPI ambazo Linux imehangaika nazo sana, kama unaishi kwenye mikutano ya video jaribu kamera kwanza kabla ya kitu chochote.

Namba 2, zinazotengenezwa kwa ajili ya Linux kabisa: System76 wa Marekani, Tuxedo wa Ujerumani, Star Labs wa Uingereza. Kwa utulivu hizi ndo zingekaa juu, nimezishusha kwa sababu mara nyingi lazima uagize na ikiharibika vipuri havipatikani kila kona. Framework, ambao laptopu yao ya kwanza ilitoka 2021, nawaweka humuhumu. Wanakuuzia hata bila mfumo wowote, na betri, kibodi, skrini unabadilisha mwenyewe kwa bisibisi moja.

Namba 3, laptopu za nyumbani zilizotoka mwaka huu. Bahati nasibu. Jina lilelile, modeli ileile, ya rafiki yako ina waifai nyingine na yako nyingine. Ukiipenda hivyohivyo basi weka Fedora, aina nyingine ya Linux, inatoa toleo jipya karibu kila miezi sita na kerneli yake haichakai. Debian na Mint nazo ni Linux tamu, ila ziwekee mashine iliyokwisha kupoa.

Namba 4, za magemu zenye kadi ya picha ya NVIDIA. Zinafanya kazi, sidanganyi, ila draiva mara nyingi unaiinstoli mwenyewe, Secure Boot (kinga inayokagua kinachowashwa) ikiwa imewashwa unakutana na ile skrini ya bluu inataka usajili ufunguo (watu wengi wanaipita halafu wanalalamika draiva imegoma), na betri inakwisha huku unaiangalia.

Mkiani ni Mac zenye chipu za M za Apple na laptopu za Snapdragon. Hizo ni ARM, prosesa ya aina nyingine, flashi yako ya kawaida ya Linux hata haiwaki. Asahi, mradi wa kuleta Linux kwenye Mac hizo, wamefanya kazi kubwa kwenye M1 na M2, ila kununua Mac mpya ili uipige Linux ni kujitafutia kesi.

Sasa usilipe bado. Nenda na flashi yenye Ubuntu au Fedora, omba uiwashe bila kuinstoli. Kama muuzaji hataki, basi uwe na uhakika wa kurudisha. Unganisha waifai, piga muziki usikie spika, ongeza na upunguze mwanga wa skrini, washa kamera. Fungua terminali (dirisha la kuandika amri) andika lspci, itakutajia chipu kama za waifai na picha kwa majina. Halafu funga mfuniko, hesabu dakika mbili, fungua. Isipoamka hapo, nyumbani nako usitegemee itaamka.

Na ikitokea umeshainunua, unataka kuinstoli na diski haionekani kabisa, usipaniki, diski ipo. Mara nyingi ni ile setingi ya Intel ya RST au VMD kwenye BIOS, inatakiwa iwe AHCI. Ila kama Windows bado unaitaka usiiguse kwanza, maana inaweza kugoma kuwaka ukibadilisha ghafla, na BitLocker (kinga ya Windows inayofunga diski), kama imewashwa, inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Uandike kwenye karatasi, sio kwenye laptopu hiyohiyo.